Shabu, Ndimu na Karatasi ya Kwapani

Mjukuu wangu wa kike amenunua vichupa viwili vya dawa ya jasho mjini, akaniwekea mezani karibu na birika langu. "Babu, wewe uliyeona mengi, kipi kinakata jasho zaidi?" Ananitania, najua, maana ananiona ninavyobadilisha shati mara tatu kwa siku hata mwezi wa saba, ukungu wa Meru ukiwa umetulalia. Nikamwambia aniondolee takataka zake. Akacheka. "Ebo! Kwani jasho limekukosea nini, babu?"

Tangu aliponiuliza sijatulia. Nimekaa barazani, nimeinuka, nimekwenda hadi penye migomba, nimerudi, nimewasha kiko nikakizima. Chai imepoa. Nimechukua kalamu kwa sababu mdomo wangu hautaweza, na yeye ana haraka ya kwenda kazini. Haya, na tuone kama mkono utaweza.

Mimi nilizaliwa na jasho. Baba yangu alikuja na misafara kutoka Pangani, akalowea Arusha, akapata kiwanja si mbali na boma la Wadachi siku ambazo kuta zake zilikuwa bado zanuka chokaa. Wenzangu wakijifunika mablanketi asubuhi, meno yakigongana, mimi shingo imelowa. Mwalimu wa Kurani chuoni alikuwa hataki nishike juzuu yake, eti kurasa zinajikunja. Mama alisema ni baraka, mwenye jasho hapati homa. Mama alikuwa akinipenda tu, homa niliipata kama watoto wengine.

Nilipooa nikaingia kazi ya upishi kwenye shamba la Mdachi mmoja, huko kupita Makumira, ng'ambo ya Mto Usa. Alilima kahawa na kufuga ng'ombe. Mke wangu alikuwa binti wa Kimeru kutoka mlimani, aliyesilimu kwa ajili yangu na kwa ajili yangu tu, kama alivyopenda kunikumbusha tukigombana. Kazi hiyo sikuipata kwa ujuzi. Aliyenitafutia ni kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ambaye alikuwa mchunga ndama pale shambani. Alinisemea kwa bwana, akatupa na kibanda chake cha kwanza tukae, yeye akahamia kando ya zizi. Mtu mwema, mwembamba, mwenye kucheka polepole. Nasema hili mapema ili lijulikane.

Bwana mwenyewe hakuwa mtu wa kelele. Laiti angekuwa wa kelele! Mtu wa kelele unamjua, unajikunja, yanapita. Huyu alikuwa mtulivu, utulivu wa kukera, na alikuwa na imani yake moja, kwamba mwongo hutoka jasho. Alikuwa na kitabu cha karatasi za kukaushia wino, laini, rangi ya waridi. Kikipotea kitu au kuharibika, anatupanga barazani, nguo tumezishusha mabegani, kila mtu anapewa kipande cha karatasi akibane kwapani. Halafu anauliza maswali yake, moja moja, huku anatembea mbele yetu. Akimaliza anasema, "Toa." Karatasi ikitoka kavu, wewe mkweli. Ikitoka na doa, wewe mwongo, na nyapara yuko pale na kiboko chake.

"Mdomo jua kusema uongo," alikuwa akituambia kwa Kiswahili chake. "Mwili hapana jua."

Sasa fikiri mtu kama mimi mbele ya karatasi hiyo.

Mara ya kwanza ilikuwa sukari. Ilipungua koponi, na mimi sikuila. Naapa hata leo, na leo sina tena sababu ya kuapia uongo. Nilipoitoa karatasi yangu haikuwa na doa, ilikuwa imeoza kabisa, imebaki vipande vipande kwenye vinyweleo. Bwana alivitazama kwa huzuni, kweli kwa huzuni, kana kwamba nimemvunja moyo. Nilipigwa kumi. Kisha akaniambia kwamba nikirudia nitakula hamsa ishirini, na mimi na mke wangu tutakuwa tumetoka shambani kabla jua halijazama.

Mke wangu alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka kabla ya hiyo, na mkunga wa mlimani alikuwa amemkataza kutembea mwendo mrefu au kubeba mzigo hata wa kuni. Kutoka shambani maana yake ni kutembea hadi Arusha na vyombo kichwani. Basi mtoto wangu alikuwa amening'inia kwenye karatasi ya kukaushia wino. Niliona hasira mpaka masikio yakawa yanavuma.

Kibaya zaidi, watu wa shamba wenyewe walianza kuiamini ile karatasi. Mwanzoni tuliicheka tukiwa peke yetu. Baada ya miezi michache ukipita mlangoni pa mtu, unasikia mume anamwambia mke, "Nikupe karatasi?" Na aliyeiamini kuliko wote ni shemeji yangu. Huko kwao watu walikuwa wakila kiapo mbele ya wazee, na mwenye kuapa uongo kiapo humfuata mpaka kimpate. Kwake yeye karatasi ilikuwa ni kiapo cha Wadachi, basi. Siku ile ya sukari, alipokuwa akinipaka samli mgongoni, aliniuliza kwa upole, "Shemeji, hukuonja hata kidogo? Hata ncha ya kidole?"

"Sikuonja!"

"Labda umesahau," akasema.

Nilitaka kumtupia kile kibuyu cha samli. Lakini tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutafuta dawa. Sikuwa na mchana wala asubuhi ya raha. Nikichochea moto najinusa, nikikuna nazi najipapasa kwapani, nikisikia viatu vya bwana barazani mbavu zinateleza maji. Na kadiri nilivyoogopa jasho ndivyo lilivyokuja, mwenye maradhi haya anajua.

Dawa ya kwanza aliniletea shemeji mwenyewe, Mungu amrehemu: majivu ya maganda ya ndizi, yale yale wanayolainishia makande. Akasema yanakausha kila kitu. Nikapaka. Kwa saa moja nilikuwa mkavu nikaanza kuimba jikoni. Kisha jasho likaja, likakutana na majivu, na wallahi nilidhani nimebana kaa la moto. Nilikimbia hadi kwenye pipa la maji ya kuoshea vyombo nikajitumbukiza mpaka kifuani. Ngozi ilibabuka, wiki nzima nilitembea mikono imetanuka kama bata anayekausha mbawa.

Ya pili ilikuwa ndimu. Shangazi yangu alikaa mjini Arusha, na nikipata ruhusa nilikwenda kwake kwa miguu. Nilipomweleza shida yangu alipiga kofi pajani. "Mwanangu, mambo haya huulizwa sisi watu wa pwani, si watu wa migomba." Akanipa ndimu, akanipa na udi na kijichupa cha uturi wa kupaka. Ndimu niseme ukweli wake: harufu iliua, tena iliua kabisa, lakini maji yalitoka vilevile, ila yakawa maji yasiyonuka. Bwana hakuwa na haja na harufu. Udi na uturi ndiyo kabisa. Nilifukiza kanzu, nikajipaka, nikaingia kwangu. Mke wangu akanitazama juu mpaka chini.

"Hongera. Unamwoa nani?"

"Dawa hii."

"La kuvunda halina ubani, baba," akasema, akarudi kuchambua maharage. Maneno hayo kamfundisha shangazi yangu mwenyewe.

Ya tatu nilipewa na mkamuaji wetu, mzee wa Kiarusha kutoka upande wa Olasiti, mtu mkavu kama kuni, hata karatasi ya bwana ilikuwa ikitoka kwake kama ilivyoingia. Nilimwamkia, nikamwomba siri. Aliniambia nipake mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na udongo mwekundu, tundu zote za ngozi zizibe. Mafuta yalifanya kazi, siwezi kumnyima haki yake. Jasho lilipungua nusu. Lakini kanzu nyeupe ya kuandalia meza ikawa na mabaka mekundu pande zote mbili, bwana akashtuka akaniuliza nani kanichoma kisu. Mke wangu alifua kanzu ile siku tatu huku ananitukana kwa Kimeru, lugha aliyoitumia akitaka nisielewe vizuri.

Ya nne niliiba, nakiri. Bwana alikuwa na kopo la unga mweupe mezani pa kunyolea. Nikachota kidogo kwa karatasi. Unga ule ulinukia kama maua na ulinywa jasho la kwanza lote, la pili likaugeuza uji, na kufikia saa sita nilikuwa na ugali kwapani. Tena bwana alikuwa akila supu akasita, akanusa hewa, akatazama nyuma ya kiti chake. Nilirudi nyuma hatua moja na bakuli langu. Sikuurudia tena.

Ya tano ndiyo shabu. Kinyozi mmoja pale Arusha sokoni alikuwa nalo, lile jiwe jeupe linalopenyeza mwanga, wanalomsugulia mtu akichubuliwa na wembe. Nilimwona akilisugua shavuni pa mteja, damu ikakata hapo hapo. Nikasema moyoni, kinachokata damu kitashindwaje maji? Nikamwuliza. Kinyozi akanicheka kwanza, maana vinyozi hawawezi kujibu bila kucheka, kisha akanieleza masharti. Uoge maji baridi sana, ujikaushe, ulisugue jiwe likiwa na umaji kidogo, halafu usishushe mikono mpaka likauke lenyewe. Ukishusha mapema unalifuta, kazi bure.

Sikumwamini kinyozi, nilikuwa sina tena wa kumwamini. Nikapima. Kwapa la kulia nikapaka shabu, la kushoto ndimu, ili dawa mbili zishindane siku moja kwenye joto la jiko moja. Vipande vya karatasi ya waridi nilivitoa kwenye kapu la taka la bwana, vile vilivyotumika wino, nikakata pembe zilizo safi. Mke wangu akawa bwana. Alikaa juu ya kinu, tumbo mbele, akakunja uso, akaniuliza kwa sauti nzito, "Wewe kula nyama yangu?"

"Hapana, bwana."

"Wewe kwenda kwa shangazi, au kwenda kwa wanawake wa mjini?"

"Kwa shangazi, bwana!"

"Toa."

Ya kushoto ilikuwa imelowa chapa. Ya kulia ilikuwa kavu. Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaigeuza na kuigeuza. Kavu! Nilimnyanyua mke wangu kutoka kwenye kinu, akapiga kelele nimwache, nitamtoa mtoto. Kesho yake nikapaka shabu pande zote mbili, na keshokutwa, na kwa muda wa miezi miwili nilikuwa mtu mwingine. Nililala. Niliweza kusimama nyuma ya kiti cha bwana bila kuhesabu matone mbavuni. Hata mchuzi wangu ulikuwa mtamu zaidi, wageni wa bwana walisema.

Ila masharti ya kinyozi niliyashika kama dini, na hapo ndipo penye habari yenyewe. Nimeinuka tena nikaenda kwenye migomba. Nimerudi.

Maji baridi sana yalikuwa mtoni. Kati ya jiko na mto palikuwa na ua wa ndama, una mlango huku na mlango kule, na kila mlango ulifungwa kwa miti miwili ya kupachika. Njia nyingine ilizunguka kwenye mibuni, umande unakulowesha mpaka shingoni, na mimi nilitaka kufika jikoni mkavu. Basi kila alfajiri nilikata katikati ya ua. Nilikuwa nachomoa miti, napita, nairudisha, naoga, napaka shabu, narudi.

Asubuhi moja nilichelewa kuamka. Nilichomoa miti ya mlango wa upande wa mto, nikaiacha chini, nikisema narudi sasa hivi. Nikaoga mbio, nikajifuta, nikapaka. Nikarudi na mikono yangu juu, shabu bado bichi. Nilifika mlangoni nikaitazama ile miti miwili chini. Kuiokota ilitaka mikono. Kushusha mikono ni kulifuta jiwe, na siku ile bwana alikuwa na wageni, siku ya wageni daima ilikuwa na kitu kilichopotea. Nikasimama pale na mikono juu, mjinga mimi. Ndama walikuwa wamelala kona ya mbali. Nikajiambia, nitawasha moto, shabu litakauka, nitarudi kuipachika. Nikapita, na ule mlango wa upande wa jikoni, nilioupachika wakati wa kwenda, nikauruka mikono ikiwa juu.

Nikawasha moto. Bwana akaita maji ya kunyolea. Wageni wakaita kahawa. Sikukumbuka tena.

Ndama walikuwa wanane, na mmoja wao alikuwa jike la mbegu ya Ulaya, lililoletwa kwa meli na kwa gari moshi na kwa miguu, lililokuwa na jina kama mtu na blanketi lake la baridi. Ndilo lililotoka. Fisi walikuwa bado hawajarudi mashimoni kwa ule ukungu, wakalikuta kando ya mto. Nilisikia mayowe ya shemeji nikiwa navunja mayai. Yeye alikuwa ameenda juu kukata majani ya ndama, kama kila siku. Aliacha majani akateremka mbio, akawakimbiza fisi mpaka korongoni, akarudi na kilichobaki mabegani mwake, damu inamchuruzika mgongoni. Kilichobaki kilikuwa kidogo.

Bwana hakupiga kelele. Alitazama, akaingia ndani, akatoka na kitabu chake.

Tulisimama watatu barazani: mzee mkamuaji, shemeji na mimi, kwa kuwa ni sisi tuliokuwa na kazi karibu na ua ule. Wageni walitoka na vikombe vyao kutazama. Tukashusha nguo mabegani. Nikapewa karatasi yangu, nikaibana. Niliwaza mambo mawili tu, na nitayaandika yote mawili. Niliwaza, sema. Na niliwaza tumbo la mke wangu kwenye ile barabara ya Arusha.

Alimwuliza mzee, mzee akajibu. Akamwuliza shemeji, "Wewe funga mlango jana?"

"Nilifunga, bwana. Yote miwili."

"Leo asubuhi wewe fungua?"

"Sikufungua, bwana."

Alikuwa bado anahema. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka utosini, mtu aliyetoka kukimbiza fisi mpaka korongoni na kurudi na mzoga! Hata kuni ingetoka jasho. Neno moja lingetosha: bwana, huyu alikuwa akikimbia. Mtoto mdogo angelisema.

Akaja kwangu. "Mpishi. Wewe pita kule asubuhi?"

"Hapana, bwana."

"Toa."

Ya mzee ilikuwa kavu. Yangu ilikuwa kavu. Bwana aliishika yangu juu, akawaonyesha wageni wake, akanigonga begani. "Mpishi sasa mkweli," akasema. Ya shemeji haikuwa na haja ya kuonyeshwa, ilikuwa imemgandia.

Alipigwa hamsa ishirini pale pale mbele ya baraza. Mimi niliagizwa nirudi jikoni, wageni wana njaa. Nilikaanga mayai kumi na mawili huku nahesabu fimbo bila kutaka kuhesabu, wala hata yai moja halikupasuka kiini. Yote yalitoka vizuri. Sijapata kujichukia kama nilivyojichukia mbele ya kikaango kile, na bado niliyapanga kwenye sahani, nikanyunyizia pilipili manga, nikapeleka.

Yeye hakufukuzwa. Bwana alisema hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Mke wangu alimlaza kwetu, kifudifudi, akamkanda kwa maji ya chumvi huku analia na kumlaani bwana na fisi na Wadachi wote hadi Ulaya kwao. Mimi sikuweza kukaa ndani. Nilitoka, nikaingia, nikaleta kuni ambazo hazikuhitajika, nikaulizwa mbona nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Kila nikitoka nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikiingia nikauona ule mgongo, yanapotea.

Kesho yake mchana mke wangu alikwenda kwa jirani kuomba kibuyu kidogo cha maji, tukabaki wawili. Shemeji akageuza kichwa upande wangu.

"Shemeji," akaniambia, "nimewaza usiku kucha. Karatasi yako ina dawa, hilo najua. Yangu haina dawa. Yangu imesema kweli."

"Achana na karatasi," nikasema.

"Hapana, sikiliza. Juzi jioni nilikuwa nimechoka. Nikafunga mlango wa huku. Sasa ule wa kule, nikiufikiria sana, naona kama sikuufunga. Naona kabisa miti iko chini." Akafumba macho, akafumbua. "Jana nilikuwa juu nakata majani, ukungu ukapasuka kidogo, nikakuona mtoni umeinua mikono. Ulipita pale. Niambie wewe, maana akili yangu siiamini tena. Ulipofika, miti uliikuta chini?"

Nilisikia hatua za mke wangu mbali, na maji yanachezacheza kibuyuni. Palikuwa na nafasi ya kusema, ndogo lakini ilikuwepo.

"Niliikuta chini," nikamwambia.

Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akanyoosha mkono kwa taabu, akanishika wangu, akanishukuru kwamba bwana aliponiuliza nilikataa kwamba nimepita pale, ili nisimtaje.